Kichwa Kilichoshonwa Guniani

Mbagala, 3 Oktoba 2024

Mwanangu Albano,

Hujambo mwanangu? Unakula? Sie huku wazima, magoti yangu tu ndiyo yananisumbua, ila kwa mwendo bado wanawake wa mtaa huu hawanipati. Baba yako naye yupo, macho ndiyo yanazidi kufunga. Daktari kasema mwaka hauishi atakuwa haoni kabisa.

Ismail wa bodaboda kanipa habari zako. Eti hoteli imekuchagua wewe, katika watu wote, uwatengenezee zimwi la urefu wa mtu kwa ajili ya Halowini, ile siku yao ya kutishana! Nimeshawatangazia hadi wauza mchicha. Jirani yetu Mama Jenipher kanuna kabisa.

Sasa sikiliza. Miaka mitatu hamsemeshani, tangu uache patasi ukaenda hotelini. Lakini nilipomtajia baba yako hilo zimwi, aliuliza, "Kichwa anachonga nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Nitafutie mti mwepesi." Albano! Mzee Leonardi anataka kuchonga tena, na ni kwa ajili yako. Kabla giza halijamfunga, nataka nyie wawili msalimiane. Sina ombi lingine duniani.

Mama yako,
mama wa mafundi wawili


Mbezi Beach, 8 Oktoba

Shikamoo mama,

Mie mzima, pole na magoti. Zimwi linaendelea. Mifupa ni nondo, nyama ni godoro kuukuu, na juu nimevisha waya wa kuku na magunia niliyochovya kwenye gundi. Mikono inafika magotini. Kichwa ndicho kimenishinda. Nilikitengeneza kwa maboksi, bosi wangu Khulud akacheka, "Albano, si huyu Fredrick wa jikoni!" Fredrick hanisalimii mpaka leo.

Kama kweli baba atachonga, tarehe 31 nakuja na gari kuwachukua. Nitampigia magoti mbele za watu.

Mwanao,
Albano


Mbagala, 21 Oktoba

Mwanangu,

Za huko? Umepona mafua aliyonitajia Ismail? Huku nyumba imechangamka utadhani kuna harusi.

Kichwa kimekwisha! Sijakiona. Baba yako alitundika turubai nyuma ya nyumba, mie nikakaa nimempa mgongo, nasikia patasi tu. Anachonga kwa vidole zaidi ya macho. Na alikuwa anaimba, Albano. Akataka nywele za kubandika kwa nta, nikanyoa zangu zote. Sasa naonekana kama msichana wa shule, na bado napendeza.

Kakishona ndani ya gunia kwa mkono wake, mwanamke asikione. Hicho si kichwa cha mchezo. Ni lipiko, kinyago cha siri ya wanaume, kama yale yanayotoka jandoni kwetu Newala. Sie wanawake tunaambiwa ni mzimu, nasi tunaitikia ni mzimu. Alisema neno moja tu: "Anajua cha kufanya, alipita jandoni." Nikaitikia, "Anajua."

Unakumbuka likizo ile nilipomwambia baba yako uko jandoni kwa mjomba Benjamin, kumbe nimekupeleka zahanati kutahiriwa kwa kuogopa usiugue? Sijawahi kumwambia. Kwa hiyo kabla hujafungua gunia atakalokuletea Ismail, muulize mjomba. Mie mwanamke, mengine siandiki.

Mama yako,
mwenye kichwa kipya


Mbezi Beach, 28 Oktoba

Shikamoo mama,

Natumaini hamjambo. Simu ya mjomba Benjamin haipatikani, nimejaribu siku mbili. Khulud akanihimiza, nikafungua. Mama, watu waliacha kazi wakaja kukitazama! Wasichana wa mapokezi wamekivaa wote, mmoja mmoja, wakajipiga picha. Nimetoboa kisogoni kupitisha waya, macho sasa yanawaka taa nyekundu. Zimwi limesimama getini, hata mlinzi anapita mbali.

Mwambie baba tarehe 31, saa kumi alasiri, nipo mlangoni.

Mwanao,
Albano


Mbezi Beach, 5 Novemba

Shikamoo mama,

Sijui nianzeje. Magoti vipi? Mie sina raha.

Nikifumba macho naona vidole vya baba usiku ule getini, vikipapasa kichwa cha zimwi. Vilianzia kidevuni, akatabasamu. Vikapanda kwenye nywele zako. Vikafika kisogoni, vikakuta tundu na waya. Na Khulud, kwa wema wake, akamwambia, "Usiogope mzee, ndani hamna mtu, ni godoro tu." Mbele ya wanawake wote wale. Baba akauliza, "Jandoni walikufundisha hivi?" Mama, nikasema ukweli. Sikwenda. Nisamehe. Nilipiga magoti kama nilivyoahidi, lakini alikuwa ameshageuka kukutafuta wewe.

Nilitaka kukirudisha kichwa. Wasafishaji walikibeba pamoja na takataka za sherehe. Nimekwenda jaani mara mbili, nimefukua kwa mikono. Hakipo.

Nije nyumbani?

Albano


Mbagala, 19 Novemba

Albano,

Hujambo. Sie tupo.

Macho ya baba yako yalifunga Jumatano. Patasi zake kampa Gregori muuza chuma chakavu, bure. Hajanigombeza. Bora angenigombeza. Anakula, anasema ahsante, kama mgeni aliyefikia kwa watu.

Juzi ndipo aliponiuliza, "Kichwa kimerudi?" Nikasema kimerudi. Nikatafuta gunia, nikatia gogo la mti uleule mwepesi, nikashona, nikamwekea mapajani. Kushona najua, mtaa mzima hakuna anayenifikia. Hakugusa gogo. Alipapasa mshono, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho.

Akasema, "Huu mshono wako, Sesilia."

Akanirudishia.

Usije. Nywele zangu zimeanza kuota.

Mama