Busu la Aloys

Mdogo wangu Aloys,

Hujaniuliza hali, lakini nitakusimulia tu. Theluji imefika madirishani. Jana nilisugua chungu kwa kitunguu saumu, nikayeyusha jibini kwenye divai, tukakizunguka na uma zetu, kila mtu akichovya mkate wake. Kiti chako kando ya Baba bado kitupu. Tangu mgombane kuhusu ng'ombe, hataki mtu akikalie.

Siku hizi mkono wake unatetemeka. Kipande chake cha mkate kilimponyoka, kikazama kwenye jibini.

"Faini, Babu!" wanangu wakapiga kelele. "Umedondosha mkate, mbusu jirani yako!"

Akageuka, akakutana na kiti chako.

Akakipapasa, kisha akasema, "Odile, mwandikie yule mkaidi. Mwambie aje achukue busu lake."

Dada yako,
Odile