Vidole Vyangu na Mashini ya Papa Neema

Alhamisi, 20 Mei

Asubuhi sukari ya damu 141. Papa Neema ameridhika. Ameifuta mashini ya kupimia kwa kitambaa chake cha vyerehani na kuirudisha mfukoni. Mfukoni mwake, si mwangu. Sukari ni yangu, vidole ni vyangu, mashini ni yake.

Huyu mume wangu anatengeneza vyerehani Birere, mtaa wa biashara hapa Goma. Kwake duniani kuna aina mbili tu: mashini, ambazo hazisemi uongo, na binadamu. Mimi nauza vitenge meza ya pili kutoka kwake, basi kutwa nzima ananichunga nisile mandazi.

Leo nimekula nusu. Sawa, nimekula moja.

Jumapili, 23 Mei

Mlima umepasuka jana jioni. Wekundu uliingia mpaka jikoni. Tulitoka na godoro, sufuria, dawa, mashini. Lava ilisimama kabla ya kutufikia. Wa kule juu hawakupata bahati hiyo, nyumba zao ziko chini ya mawe ya moto.

Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, nikakimbia na mtoto wetu Neema mgongoni. Kisha tukakimbia waasi, tukarudi, tukakimbia tena. Nilidhani nimezoea. Sijazoea. Niliogopa mpaka nikajikojolea kidogo, na hilo simwambii mtu.

Asubuhi 207. Papa Neema alinitazama kama mwizi wa kuku. Muuguzi alishatuambia hofu nayo inapandisha sukari. Amesahau, au amependa kusahau.

Jumanne, 25 Mei

Ardhi inatikisika mchana kutwa. Ukuta wa jirani una ufa, unaweza kupitisha mkono.

Mabomba hayatoi maji. Lava imeyala kule juu. Tuna bidoni moja ya maji, ya kunywa na kupikia. Kabla ya kupima nafuta kidole kwa ncha ya kitenge, basi. 163. Sijaoga. Nanuka, naye ananuka, tuko sawa.

Alhamisi, 27 Mei

Redio imesema asubuhi tutoke mjini. Mji wote umeingia barabara moja ya kwenda Sake. Magodoro, mbuzi, vikongwe wamefungwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, kama magunia ya makaa. Tulipofika Lac Vert, njiani, nilikaa chini nikasema sitembei tena. Papa Neema alinivua viatu, akanikandakanda miguu mbele za watu. Halafu akatoa mashini, palepale vumbini. Nilicheka nikalia kwa pamoja.

Tumefika kwa mama mkwe, nje kidogo ya Sake, kwenye migomba. Kwenye milima ya ukoo wao, kule Masisi, hatuwezi kupanda. Kuna watu wenye bunduki. Nyumba ina vyumba viwili, na wageni wamejaa mpaka chini ya meza.

Mama mkwe kaniita mukamwana, akanipa jembe. Hajabadilika.

Jumamosi, 29 Mei

Hapa kinachopatikana bila foleni ni ndizi tu. Mama mkwe anakamua mutobe, ile juisi ya ndizi, awape wakimbizi wote wanaopita. Ndizi zikishaiva shimoni unazimenya, unazichanganya na majani, unakanda kwa mikono miwili mpaka maji yatoke. Kwao ni kazi ya wanaume. Wanaume wamekaa wanajadili volkeno. Basi tumekanda sisi, yeye na mimi, mpaka viwiko.

Ukimaliza unajipangusa kwa majani. Maji ya kunawa nani anayo? Watu wanakwenda mbali kuyachota, na wengine wameanza kuharisha.

Sikunywa hata tone. Naandika hapa pasipo mtu wa kumpendeza: sikunywa. Nilitamani, mate yalinijaa, sikunywa.

Jioni 391.

Papa Neema aliigonga mashini, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Nikasema sijanywa. Akajibu mbele ya wageni wote: “Mama Neema, mutu anaweza sema bongo. Mashini, hapana.” Yaani mimi ni mwongo. Akachukua sahani yangu ya maharage na kumpa mtu mwingine.

Nimemchukia. Naandika hivyo hivyo.

Jumapili, 30 Mei

Asubuhi nilianza kumenya ndizi kabla Papa Neema hajaamka. Alipoamka akapima: 352. Amenipa vidonge viwili vya kushusha sukari badala ya kimoja. Chakula, kiazi kimoja kutwa. Ananifuata mpaka chooni, anadhani nimeficha kikombe huko.

Ninachojua ni hiki: kichwa chepesi, magoti mepesi. Sukari ikipanda huwa nakuwa na kiu na kukojoa hovyo. Sina kiu. Nimemwambia. Akasema mwili nao unadanganya.

Na mandazi ya Birere yananisuta. Mara ngapi nimemwambia sijala, na nimekula? Angeniaminije sasa? Lakini hasira haijapungua kwa sababu hiyo, imezidi.

Jumanne, 1 Juni

Jana sikuandika. Jana nilikaribia kufa. Nitaandika kwa mpangilio.

Vidonge viwili tena, chai kavu, hakuna chakula. Nilikwenda kukanda mutobe kwa hasira, nipate pa kuipeleka. Jua lilipofika kichwani, mikono ikaanza kutetemeka yenyewe. Jasho la baridi mgongoni. Nilitaka kuita jina la mama mkwe, likanipotea. Hiyo ni sukari kushuka. Muuguzi alitufundisha mimi na Papa Neema siku moja, kwenye benchi moja.

Niliomba mutobe. Ulimi ulikuwa mzito, nikaomba hata hivyo.

Papa Neema alikuja mbio na mashini. 318. Akasema siwezi kukupa, nitakuua. Alikuwa analia, hilo lazima niliandike. Analia, na ananikatalia. Nikaketi chini, kisha nikalala ubavu. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilifikiri: nakufa karibu na beseni zima la kitu kinachoweza kuniponya, na anayenizuia ni mtu anayenipenda.

Mama mkwe alichota kikombe. Akamsukuma mwanawe kwa kiwiko, mwanamume mzima akayumba. “Uko unaua bibi yako, na macho yako inaona!” Akaniinua kichwa, akaninywesha kidogo kidogo. Niliweza kumeza. Kikombe kimoja, kingine nusu.

Nikarudi. Polepole, lakini nikarudi. Niliomba maharage na viazi nikala vyote. Papa Neema alikuwa amekaa mbali ameegemea mgomba, anangoja aambiwe nimekufa. Alipoona natafuna aliishika ile mashini kwa mikono miwili, anaitazama.

Leo asubuhi alipima tena, kwa woga. Nilikuwa nimetoka kumenya ndizi. 296. Pamba imekwisha, basi nikaingiza kidole mdomoni kunyonya ile damu.

Tamu.

Damu haina utamu huo. Nikaramba kidole kingine, ambacho hakijachomwa. Tamu vilevile.

Nikamwita mama mkwe. Yule mama hana sukari, ana nguvu za ng'ombe. Vipande vya kupimia vimebaki vichache, Papa Neema akaanza kulalamika, nikamwambia nyamaza, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Nikamchoma mama mkwe kidole kikiwa na ndizi yake: 344. Akapiga kelele kwamba nimemwambukiza. Nikachukua maji ya kunywa, nikayapasha moto, nikamwosha kwa sabuni, nikamkausha vizuri. Nikapima tena: 92.

Kisha mimi, nimenawa: 168.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Papa Neema naye hakucheka. Mashini haikudanganya, ilipima kilichokuwa kwenye kidole. Ilipima ndizi.

Alhamisi, 3 Juni

Kidonge ni kimoja. Nakula. Asubuhi nimenawa, 155.

Papa Neema ameitia mashini kwenye mkoba wangu. Nimeitoa nikamrudishia. Sitaki mashini. Nataka niseme naumwa na aamini naumwa.

Nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia habari ya mandazi, yote, tangu mwanzo. Hasira bado iko. Huruma nayo imeingia, zinagombania nafasi. Alikonda kwa siku mbili kuliko mimi niliyenyimwa chakula.

Jumapili, 6 Juni

Jamaa waliorudi Goma wamepiga simu, ardhi imetulia. Wengine wanasema ni mapema. Mama mkwe anataka tubaki, hasemi, lakini kaficha viatu vyangu.

Jumatano, 9 Juni

Tuko nyumbani tangu jana. Ufa mmoja sebuleni, paa zima. Vumbi jeusi hata ndani ya sufuria zilizofunikwa. Birere wameshaanza kupanga meza.

Mabomba bado makavu. Papa Neema alikwenda ziwani kulipopambazuka, akarudi na bidoni begani, shati limelowa. Akapasha maji kidogo. Nilidhani ni ya chai.

Alileta beseni, akapiga goti, akanimiminia mikononi polepole, kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima. Katika miaka yote ya ndoa mimi ndiye niliyemnawisha yeye. Alinikausha kidole kimoja kimoja.

Mashini ilikuwa mezani, hakuigusa. Aliniuliza kwanza, “Mama Neema, unajisikia namna gani?”

Nikafikiri kidogo, nikasema niko muzuri, nina njaa tu. Akasema sawa. Kisha ndipo akapima.