Mbuzi Aliyoikalia Malkia

Dada Mwajuma, shikamoo. Wanao hapo Tangini hawajambo?

Huku Marui mvua haikatiki, na siku ya tatu hii nakula wali mkavu. Nazi zimejaa uani, lakini mbuzi ya kukunia haiguswi. Zamani malkia wa Ulaya alipita kijijini, akaikalia akidhani ni kigoda cha wageni. Tangu hapo Babu ameifunika kanga sebuleni, nazi tunakunia mbuzi ya jirani, nayo juzi ilivunjika.

Leo nikamuuliza Bibi, "Hivi kweli malkia hakujua ile ni mbuzi?"

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Hakujua nini? Nilimwonyesha, akakuna nazi nzima! Babu yako alikuwa kwa jirani, anaazima kiti."

Babu alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, tukaivua kanga, nikakuna. Aliporudi alikula sahani mbili, akajifuta ndevu, akasema, "Wali huu hata malkia angeomba ukoko."

Bibi akajibu bila kuinua macho, "Aliuomba."

Mungu awatunze, dada. Ukoko wako nimeuficha.

Mdogo wako,
Zuhura