Mkate wa Bwana Niliopokea Uswidi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, nimeshiba, na nimekaa mbele ya feni chumbani kwa Nafula hapa Najma, Doha, maana leo ni Ijumaa na sina kazi. Goti lako likoje? Mama aliniambia bado unalilazimisha kupanda shamba la juu, na ukiambiwa upumzike unakuwa mkali. Je, mvua za vuli zimefika Taita, au maharagwe bado yanasubiri? Huku joto limeanza kupungua. Sasa mtu anaweza kwenda dukani kununua unga na akarudi bado ni mtu.

Najua unajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Baba, kila nikikupigia na kutaja jina la Mghoi, mtandao unaharibika. Nikiuliza habari za ng'ombe, mtandao unarudi. Nimeona afadhali barua, maana haikatiki. Nafula, rafiki yangu anayefanya kazi ya ulinzi hotelini, anakuja likizo, na ndiye atakayekupa mkononi. Nimemwambia asinywe hata chai kabla hajakuona umeifungua.

Basi tuseme wazi. Mdogo wangu Mghoi ameitwa kwenda chuo cha makasisi. Baraza la kanisa limemkubali. Kilichobaki ni mzazi wake asimame naye mbele ya waumini na kumtoa kwa kazi ya Mungu, na wewe, unayetusomea sala kila kasisi anapokosekana, umesema mkono wa mwanamke hautamega mkate wa Bwana wewe ungali hai. Krismasi ikipita hujasimama naye, nafasi hiyo atapewa mwingine. Sasa nisikilize nikueleze yaliyonipata Uswidi.

Unakumbuka kwamba mabosi wangu walikwenda kwao wakati wa joto kali wakanichukua nimwangalie mtoto wao, Tove. Bibi yake Tove anaishi katika mji mdogo, mdogo kuliko Voi, lakini katikati yake kuna kanisa la kuwashangaza hata wasioamini. Lilijengwa kwa mawe kabla hata babu wa babu yako hajazaliwa. Minara yake unaiona ukiwa bado mbali mashambani. Ndani, nguzo ni nene kiasi kwamba watu wawili hawawezi kuikumbatia moja wakashikana mikono, na madirisha ni marefu, yamechongoka juu kama viganja vya mtu anayesali. Vioo vyake vina rangi, na jua likipita, sakafu yote inakuwa nyekundu na buluu. Maaskofu wa zamani wamezikwa humo humo chini ya sakafu. Nilitembea kwa adabu, nikijaribu kutomkanyaga mtu.

Lakini Baba, watu! Watu hawakuwako. Hapa Doha kanisa letu halina mnara wala kengele, na siku ya Ijumaa mabasi yanaleta vijana kutoka kambi za wafanyakazi za Industrial Area mpaka wengine wanasalia kwenye ujia na kuimbia huko huko. Kule, katika jumba lote hilo, walikuwamo wazee wachache waliokaa mbalimbali kama waliogombana. Bosi wangu mwenyewe haendi. Ni yule bibi tu aliyenishika mkono Jumapili asubuhi akasema, "Wewe na mimi twende."

Ibada ikaanza. Kasisi akapita katikati, mrefu, nywele fupi za mvi, joho jeupe. Nikasema moyoni, huyu anafanana na kasisi wetu wa zamani. Alipofika mbele akageuka, akafungua kinywa, na sauti ikawa ya mwanamke. Nilishtuka, sikufichi. Nikasikia maneno yako sikioni kana kwamba umekaa nyuma yangu.

Yakaja matangazo. Lugha sikuijua, lakini matangazo ni matangazo, hata mtoto anayatambua. Mimi nikajiandaa. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mgeni asiyesimama kusalimu kanisa ni kama mtu aliyepitia dirishani. Nikangoja wageni waitwe. Hawakuitwa. Nikaona labda wamesahau. Nikasimama mwenyewe, nikaweka kitambaa sawa, nikasema kwa sauti yote uliyonizaa nayo:

"Bwana asifiwe!"

Sauti ikapanda kwenye yale mawe, ikazunguka, ikanirudia mwenyewe. Nikafanya ufanyavyo wewe waumini wakilegea: "Nasema, Bwana asifiwe tena!" Mzee mmoja akaangusha fimbo yake. Bibi yake Tove akatazama viatu. Hapo nikajua kwamba kule hakuna desturi hiyo, lakini nimeshasimama, nikae vipi? Nikaendelea kwa Kiingereza, nikawaambia naitwa Wakesho, nimetoka Taita kupitia Doha, na baba yangu pamoja na kanisa lake wanawasalimu.

Nafula nilipomsimulia alishika kichwa. "Ati ulisimama? Mbele ya wazungu wote? Aki Wakesho, wewe huna haya!"

Yule kasisi, Baba, hakucheka. Aliteremka akaja hadi nilipo. Akaniuliza taratibu, "Kwenu watu wanajibu nini?" Nikamwambia, "Amina." Akawageukia wale wazee akawaeleza kwa lugha yao, kisha akanitazama. Nikasema tena, "Bwana asifiwe!" Wakajibu wote, "Amina!" Mbona wazee wale walikuwa na sauti! Kisha akaniambia, "Mwambie baba yako salamu zake zimefika, nasi tunamsalimu yeye na kanisa lake." Salamu ni amana, nami nimekuletea.

Kisha ikaja Meza ya Bwana. Hapo nikasita. Mwanamke ndiye aliyesimama na mkate mkononi, na mimi ni binti yako. Ningeweza kubaki kwenye benchi. Hakuna ambaye angejua, wala wewe usingejua. Lakini nilijiuliza: mtu huyu amepokea salamu za baba yangu kwa heshima kuliko ambavyo mimi mwenyewe nilitarajia, sasa nimkatae kwa sababu gani nitakayoweza kumwambia Mungu? Nikaenda. Nikapiga magoti pamoja na wale wazee, nikatandaza viganja. Alipofika kwangu aliacha lugha yao, akasema kwa Kiingereza, "Wakesho, mwili wa Kristo uliotolewa kwa ajili yako." Jina langu, Baba. Alikuwa amelisikia mara moja tu. Nililia pale pale, na sikuona haya hata kidogo. Nilikuwa na miaka mingi nikiwaangalia watoto wa watu, nikiitwa kila jina ila langu, na nikaitwa kwa jina langu mezani pa Bwana.

Nimemaliza ya Uswidi. Mimi sikusomea theolojia na sitabishana nawe kwa mistari, utanishinda. Nasema tu kwamba nimeula mkate ule. Kama mkono ule ulikuwa mchafu mbele za Mungu, basi binti yako mkubwa amekula dhambi, na uniombee. Lakini kama ulikuwa safi, wa Mghoi una kosa gani?

Mama msalimu sana. Najua hatakusemesha juu ya jambo hili, lakini mtazame usoni ukimaliza kusoma. Shangazi Mkamburi mwambie kwaya yake ingelijaza lile kanisa peke yake. Mjomba Maghanga, fundi wa baiskeli, viatu vyake viko ndani ya mzigo wa Nafula.

Salamu za Mghoi sizitumi. Nakuachia wewe umpe kwa kinywa chako, na ni neno moja tu: nenda.

Binti yako akupendaye,
Wakesho