Nilipomuuliza Kama Ana Alasiri

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu tele. Goti lako limepoa? Watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila sare za wauguzi zimerundikana na cherehani ni moja.

Unajua mume wangu alimleta bintiye wa miaka tisa baada ya mama yake kufariki. Huko kwa marehemu mama yake mtoto amekulia kwenye Kihispania. Kiswahili hakijui, Kiingereza anakibahatisha. Baba yake akiondoka na lori, tunabaki kutazamana kama mabubu.

Mwezi uliopita mwalimu wake aliniita. Akasema wiki ya tatu hii daftari ni jeupe, na hali ikiendelea mtoto atarudia darasa. Nikamjibu kwamba hatuelewani. Akaniazima kitabu cha Kihispania kwa wanaojua Kiingereza, akakunja ukurasa wa maswali ya kazi za shule. Nikayanakili, nikayabandika juu ya cherehani, nikashona huku nikiyasema. Wateja wakadhani nimepagawa.

Jumatatu iliyofuata nikajipa moyo. Nilikusudia kumuuliza “¿Tienes tarea?”, yaani una kazi ya shule? Ulimi ukateleza, nikasema “tarde.” Akanikodolea macho, akachungulia dirishani, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Kumbe nimemuuliza kama ana alasiri! Dada, sikuwahi kumsikia akicheka. Akanisahihisha, akanilazimisha nirudie mara tatu, mkali kuliko mwalimu wake, ndipo akafungua mkoba.

Zilikuwa hesabu za sehemu. Nikakata vitambaa: nusu, robo, thumni. Akaelewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa enzi zangu. Kila siku namuuliza, na tangu wiki jana daftari lina alama za vema.

Sasa nikutubie. Nilipokuomba umtafutie nafasi shule ya bweni huko kwenu, nilisema ni matakwa ya shemeji yako. Nilikudanganya. Hajui lolote. Ni mimi niliyechoka na ule ukimya, nikataka mtoto wa watu aondoke. Tafadhali usitafute tena. Mume wangu anarudi kesho, nami nitamweleza mwenyewe, hata akinuna mwezi mzima. Mtoto haendi popote, na kitabu nitakimaliza.

Wasalimie wote, shemeji hasa. Binti naye anakusalimu. Nimemfundisha kusema “shikamoo, mama mkubwa,” na anaisema vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba