Uchaguzi wa Vifungo Nyumbani kwa Fundi Cherehani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Najua ungeitikia bila kuinua macho kwenye cherehani.

Leo wagombea urais wamepita mtaani na vipaza sauti vyao, nikakumbuka ulivyokuwa ukibishana na Bwana Jivan barazani pa duka lake pale Mirongo, ulikokuwa ukishonea, mwaka tuliojiandaa kumchagua rais wa kwanza. Yeye alishikilia kwamba utawala hutoka kwa Mungu, kura ni mapambo tu. Wewe ulitoa kwanza pini mdomoni, ndipo ukamjibu: "Mungu amewapa watu akili, watu ndio humpa mtu kiti. Atawalaye bila ridhaa yao ni mwizi." Wateja waliacha kujaribu nguo wakusikilize. Ulikuwa na maneno, Baba!

Bahati mbaya kwako, Mama naye alikuwa anasikia.

Wiki hiyohiyo nikapata nafasi shule ya bweni ya wasichana, Bukoba. Ukakataa katakata. Mtoto wa kike havuki ziwa peke yake, ukasema, na neno lako ni la mwisho. Nililia mpaka macho yakavimba. Mama hakulia. Alichota vifungo vya mashati kwenye kopo lako, akampa kila mtu kimoja cheupe na kimoja cheusi. Cheupe, niende. Cheusi, nibaki. Kimoja tukitumbukize chunguni.

"Kwani wewe ulichaguliwa na nani humu ndani?" akakuuliza huku akicheka.

Ulijaribu kuniengua mimi, eti sijafikia umri. Bibi akakukata kauli: "Anayekwenda Bukoba ni nani, mimi?" Hata hivyo uliitegemea kura ya Bibi, maana ni mama yako mzazi.

Vikatoka vyeupe vitatu, cheusi kimoja. Bibi akajifanya anatafuta ugoro wake.

Nilidhani utapindua meza. Ulivihesabu upya, kisha ukasema, "Cheusi ni changu, na bado naona mmekosea. Lakini nimeshindwa." Ukachukua tepu, ukanipima mabega, ukaanza kukata kitambaa cha sare. Kesho yake ukamringia Bwana Jivan kwamba nyumbani kwako kuna serikali halali. Alicheka mpaka akakalia gunia la mchele.

Nimefundisha uraia miaka mingi, Baba. Vitabu vina maneno mazito kuhusu ridhaa ya wananchi, na wanafunzi husinzia. Nikiwasimulia vifungo vyako wanaamka. Hawa wa vipaza sauti nao nimewasikiliza vizuri: kila mmoja ameeleza atakavyotawala, hakuna aliyeeleza atafanya nini akishindwa.

Nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukwambia. Kabla ya siku ile nilikutii kwa sababu nilikuogopa. Bandarini, ulipolibeba sanduku langu begani huku bado umenuna, ndipo mimi mwenyewe nilipokuchagua kuwa baba yangu, na sijawahi kujuta.

Ni mimi,
binti yako wa Bukoba