Kitabu Kilichofungiwa na Mbegu

Baba na Mama, shikamooni.

Mlipokuwa shambani asubuhi, alibisha hodi mtu nisiyemjua, kaptura yake tope tupu. Ametembea kutoka kijiji cha Mgori. Mkononi ana kitabu cha maktaba ya kanisa, kile ambacho wazee wa kanisa walisema kisiporudi leo, kabati la vitabu lifungwe nami ninyang'anywe ufunguo!

Uji uko mekoni. Mama, kuku anayeatamia hajapata maji.

Mke wa mgeni huyo ndiye aliyekiazima kitabu. Kumbe walipohamia kijiji cha ujamaa alikiweka ndani ya kihenge cha mbegu, mahali salama kuliko pote, kisha akaziba kwa udongo.

"Kihenge cha mbegu hakifunguliwi kabla ya mvua, mwalimu," akaniambia. "Jana ndiyo imenyesha."

Kitabu kinanuka majivu ya kuhifadhia mbegu, lakini hakuna ukurasa uliopotea. Baba, wewe uliyesema kabati langu litabaki na mende tu, jioni nitakuuliza habari za mende!

Nakimbilia kanisani kumwonyesha Mzee Manase. ~~Msinisubiri kula.~~ Nisubirini. Wiki nzima chakula kilikuwa hakinipiti.

Jambo moja, Baba, usikasirike. Nilikuwa nimetangaza kwamba atakayekirudisha atachagua kitabu kimoja katika vyangu, kiwe chake. Akachagua kile ulichonipa nilipomaliza chuo, chenye mwandiko wako. Nilisita. Kisha nikamfungia kitabu hicho ndani ya kanga yangu, maana manyunyu yalikuwa yameanza.

Binti yenu,
Cecilia